Anayemwitikia Zakari

Kilwa, 20 Desemba 2023

Mwanangu Fatouma,

Salamu zako nimezifunga humu za kutosha, wagawie na wa nyumbani. Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto limekuwa fundi wa kutabiri mvua kuliko redio. Ramla, jirani yangu, amejifungua mtoto wa kike na wamempa jina langu, maskini ya Mungu, atakuwa na ulimi. Samaki ziwani wapo tele, ila barabara ni matope matupu na malori yanalala njiani siku tano, sita. Barua hii anakuletea Chileshe, dereva. Mpe chai, usimpe habari, maana huyo akijua jambo, Kilwa nzima imejua.

Utauliza kwa nini shangazi anaandika barua na simu anayo. Ninayo. Nimeifunga kwenye ncha ya kitenge, hapa kifuani. Lakini siigusi. Zakari akipiga, asikute nasema na mtu mwingine. Na wewe usinipigie, tafadhali. Kila inapolia moyo unaruka, halafu nikiona si jina lake nakaa chini hapo hapo nilipo.

Wiki ya tatu hii. Mwanangu Zakari alikwenda Mitwaba kwa ajili ya utafiti wake wa shule, akasema siku saba tu. Tarehe mbili mwenye pikipiki aliyempakia akamshusha karibu na mto, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Watu wameshaanza kunipa pole. Pole ya nini? Mtu kutoonekana si mtu kufa. Mito imejaa, njia zimekatika, huenda amekaa kwa watu anangoja maji yapungue.

Sasa nisikilize. Zakari alinieleza zamani kwamba huko chuoni kwenu mwalimu anasoma majina kila Ijumaa, na asiyeitika mara nne jina lake linapigwa mstari. Nimehesabu kwa vidole, nikaogopa. Nyinyi mko darasa moja. Nakuomba kitu kimoja: jina lake likisomwa, liitikiwe. Utafanyaje, sijui, msomi ni wewe. Nisije nikampokea mwanangu akakuta amefutwa.

Na uniandikie Kiswahili cha kitabu, kama marehemu babu yako alivyotufundisha, si hicho chenu cha soko la Kampemba cha iko-iko.

Shangazi yako,
Adija


Lubumbashi, 14 Januari 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika tarehe tisa, inanuka samaki, nikajua ni yako kabla sijasoma bahasha. Hapa nyumbani sote tuko salama. Baba yuko na cherehani yake, anashona sare za shule mpaka macho yanamtoka. Umeme unakuja kwa kiburi. Mpe hongera Ramla, na huyo Adija mdogo mbusu.

Nimefanya ulichosema. Sikulala vizuri usiku wake, nakwambia ukweli.

Zakari alikuwa amekosa mara tatu, maana wiki za sikukuu chuo kilifungwa. Ijumaa iliyopita nilikaa nyuma kabisa ya auditoire, ule ukumbi wetu wa masomo, karibu na dirisha lililovunjika, nikavuta shela hadi mdomoni. Anayeita majina ni Bwana Ntumba, yule Mkasai mrefu anayesimamia utafiti wa Zakari. Anasoma karatasi, hainui kichwa. Alipofika “Ramazani Zakari”, nikakaza koo, nikasema kwa sauti nene kwamba nipo: “Présent.”

Shangazi, tuko wanafunzi mia mbili mle ndani. Wote wanajua kwamba Zakari amepotea. Bwana Ntumba mwenyewe anajua, Baba alikwenda ofisini kwake mara mbili kuuliza. Nikangoja anifukuze, au watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyegeuza shingo. Nikasikia kalamu ya Bwana Ntumba ikiweka alama. Jina langu lilipofuata baadaye, nikaitika kwa sauti yangu mwenyewe.

Kwa hiyo akirudi, atakuta yupo.

Jambo moja nikwambie kabla hujalisikia kwa Chileshe. Baba anataka msikitini wamsalie sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyepatikana. Anasema mtoto wa Kiislamu hawezi kuachwa hivi hivi. Imamu amemjibu: mama yake akubali kwanza. Sijui utasema nini. Kwa kweli najua.

Nakusalimu sana,
Fatouma


Kilwa, 4 Februari 2024

Fatouma mwanangu,

Ahsante. Mungu akuzidishie koo. Nimesoma ile sehemu ya kuitika mara nyingi hata karatasi imelegea. Tu wazima, goti bado linajifanya nabii.

Mwambie kaka yangu Mahamudu hivi, na usipunguze neno: mimi ndiye niliyemzaa Zakari, siku mbili, mvua ikinyesha, na yeye Mahamudu alikuwa nje anauliza kama bukari, ule ugali wake, imeiva. Hatanifundisha leo mwanangu yuko wapi. Sala ya ghaibu ni ya maiti. Anionyeshe maiti. Akiniletea hata unywele, nitavaa nguo za msiba. Bila hivyo, asalie cherehani yake.

Nimekasirika, nisamehe. Wewe endelea. Kila Ijumaa asubuhi, saa mbili ikifika, naacha kazi na kukaa mlangoni. Najisemea: sasa hivi anaitwa. Sasa hivi ameitika. Halafu naendelea na samaki wangu. Ni hapo tu katika wiki nzima ninapopumua hadi chini.

Shangazi yako,
Adija


Lubumbashi, 17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na ramadhani njema. Samahani kwa kimya. Kulikuwa na mitihani midogo, kisha malaria, kisha hivi na vile. Baba anakusalimu; maneno yako nilimpa yote, akacheka, halafu akainuka akaenda kukaa uani peke yake. Sombe, majani yetu ya muhogo, mwaka huu ni chungu. Majirani wamepata mtoto wa kondoo anayelia kama mtu.

Sitaki kukutisha, lakini sina mwingine wa kumwambia. Ijumaa ya tarehe moja mwezi huu nililala kitandani na homa, sikwenda chuoni. Nililia, kwa sababu nilijua siku hiyo hakuna wa kuitika. Wiki iliyofuata wakabandika orodha ya mahudhurio ukutani. Nikatafuta jina langu: nimekosa tarehe moja. Nikatafuta la Zakari. Alikuwapo.

Nikamuuliza Paulin anayekaa mbele yangu: “Ile Ijumaa, nani aliitikaka jina ya Zakari?” Akaniangalia vibaya. Akasema: “Siye tunajua ni weye.” Nikamwambia nilikuwa mgonjwa. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Haijaisha. Jana wametoa alama za zoezi la mbinu za utafiti. Zakari amepata kumi na nne. Mimi nimepata kumi na moja! Nilisimama pale mbele ya ubao, watu wananisukuma, na kwa sekunde moja niliona wivu, shangazi, Mungu anisamehe, kama zamani tulipokuwa tunagombania nafasi ya kwanza. Kisha nywele zikanisimama. Nani amefanya zoezi lile?

Sasa nikiingia auditoire naangalia kiti chake. Siitiki tena kwa raha. Naogopa siku moja nikifungua mdomo, mwingine atawahi kabla yangu.

Uniombee,
Fatouma


Kilwa, 12 Aprili 2024

Fatouma,

Idi njema, japo imepita juzi. Tulikula, tulivaa, watoto walipita na sahani. Adija mdogo ameota meno mawili na ameniuma.

Kuhusu mambo ya orodha: majini hawafanyi mazoezi ya shule. Kuna mtu. Mtafute.

Lakini mimi nina swali jingine. Barua yako ya Januari umeandika “akirudi”. Hii ya Machi nimeisoma mara tatu natafuta neno hilo, halimo. Kuna sombe, kuna kondoo, kuna homa, “akirudi” hakuna. Mimi si msomi, ila barua najua kusoma. Unanificha nini, mwanangu?

Adija


Lubumbashi, 5 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba mzima, nyumba nzima. Leo siwezi kuzunguka.

Tarehe ishirini na saba Januari alikuja mtu hapa Kampemba, amejaa vumbi, akaniuliza mimi kwa jina. Anaitwa Katongo. Ndiye yule mwenye pikipiki wa Mitwaba. Alikuwa amebeba begi la Zakari. Wavuvi walilikuta limenasa kwenye matete, mbali sana chini ya mto, maji yalipopungua. Gogo la kuvukia limeondoka na maji, halipo tena. Na Zakari mwenyewe hawakumpata. Walitafuta siku nyingi, Katongo aliapa, na nilimwona macho yake.

Begi liko chini ya kitanda changu. Baba hajui. Miezi mitatu nalala juu yake, na kila Ijumaa naamka nakwenda kusema “Présent”. Nisamehe. Uliniambia Ijumaa ndiyo siku unayopumua. Ningekunyang'anyaje?

Ndani kuna shati, kuna sabuni, na daftari lake la utafiti kwenye mfuko wa plastiki. Kurasa za mwisho zimeungana, ila nyingi zinasomeka. Unajua alichokuwa anatafuta: mahame, vile vijiji vilivyoachwa, majina yake na waliokaa humo. Ameandika habari ya bibi mmoja mzee. Kila akipita kwenye hame la kwao anabisha hodi, halafu anajijibu mwenyewe: karibu. Zakari akamuuliza kwa nini. Bibi akasema: “Nikinyamaza, nani atajibu?” Nilifunga daftari hapo, nikatoka nje.

Na yule mtu wa orodha nimempata, kama ulivyosema. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Ntumba, nikamwekea daftari mezani. Akaligusa kwa kidole kimoja. Akasema: “Ni weye unaitikaka. Miye najua tangu siku ya kwanza.” Nikamuuliza habari ya tarehe moja. Akasema: “Siku ile hakuna muntu aliitika. Niliweka alama miye.” Na zile alama kumi na nne ni yeye. Aliipa ile sura ya kwanza ya utafiti ambayo Zakari alimwachia kabla ya kuondoka.

Kisha mtu mzima yule akalia mbele yangu. Zakari alimwomba aende wakati wa kiangazi, mito ikiwa midogo. Yeye akamjibu kalenda ya chuo haingojei kiangazi, bila kwenda uwandani hakuna diploma. “Ni miye nilimutuma mu mvua,” alisema, na akarudia, na akarudia. Nilikuja nikiwa na hasira ya kumchoma. Nikatoka nimemshika bega.

Sijui nifanye nini Ijumaa. Niambie wewe. Ukisema niendelee, nitaendelea.

Fatouma wako


Kilwa, 24 Mei 2024

Mwanangu,

Sisi wazima.

Barua yako imefika haraka, njia imekauka. Chileshe alinipa, nikaisoma mbele yake, akaona uso wangu, kwa mara ya kwanza maishani mwake akaondoka bila kuuliza.

Sikukasirika. Nilikaa nayo siku nne. Umebeba mzigo wangu chini ya kitanda chako miezi mitatu, na mimi huku nakutuma tu: itika, itika. Nisamehe wewe.

Sasa nitoe langu, maana na mimi nimeficha. Asubuhi ile ya tarehe mbili Desemba simu yangu ililia. Nilikuwa ufukweni napasua samaki, mikono ina magamba mpaka viwikoni. Nikachungulia: Zakari. Nikasema moyoni, acha nimalize beseni hili, nitampigia. Nikamaliza beseni. Nikaletewa la pili, nikamaliza na hilo. Nilipompigia, yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia nambari haipatikani. Ananiambia hivyo mpaka leo. Sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye dua nalipita pembeni, kana kwamba Mungu hakuliona.

Ndiyo maana simu iko kifuani. Nilidhani nikiilinda vizuri, ataijaribu tena.

Huyo bibi wa mahame nimemwaza sana. Mwanzo nilimpenda. Kisha nikamkasirikia. Kila akipita anawabishia hodi, kila akipita anawaamsha. Watu wale watalala lini? Na mimi nimefanya nini na mwanangu kila Ijumaa?

Mwambie Mahamudu nimekubali, na asijione ameshinda. Begi umpe yeye, ni mjomba wake, ana haki. Sala isaliwe Ijumaa tarehe saba Juni, huko kwenu na huku kwetu, baada ya sala ya Ijumaa. Na asubuhi ya siku hiyo nenda darasani kama kawaida. Jina lake likisomwa, nyamaza.

Daftari mwachie mwalimu wake alichapishe, liwekwe maktabani na jina la Zakari juu. Mwambie sijamsamehe bado. Mwambie najaribu.

Adija


Lubumbashi, 9 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sala imesaliwa. Watu walijaa mpaka barabarani. Baba alisimama safu ya mbele na lile shati la begini mkononi, amelifua mwenyewe na kulipiga pasi. Hakujiona ameshinda.

Asubuhi nilikaa kiti changu cha nyuma, bila kujifunika mdomo. Bwana Ntumba akaanza kusoma. Majina yalikuja moja moja, nikaona lake linakaribia, nikashika meza kwa mikono miwili.

“Ramazani Zakari.”

Nilinyamaza. Shangazi, ni kazi ngumu kuliko kuitika. Ulimi ulikuwa umeshazoea, ulitaka kwenda wenyewe. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio ulisikika mle ndani mpaka mbele. Akaita tena: “Ramazani Zakari.” Hakuna aliyeitika. Paulin aliinamisha kichwa juu ya meza. Bwana Ntumba akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akatoa rula kwenye mkoba, akapiga mstari. Alitumia rula ili unyooke. Aliyefuata aliitika kwa sauti ndogo hata ikabidi aitwe mara mbili.

Sasa neno la mwisho lililobaki kwangu. Ile simu, nilijua. Katongo aliniambia siku ile ile alipoleta begi, nami niliapa sitakuandikia kamwe. Sikujua kwamba unaibeba. Alikuwa amesimama naye kando ya mto. Zakari alipiga, ikalia, ikalia, haikushikwa. Katongo anasema hakununa hata kidogo. Alicheka, akaiweka mfukoni, akasema: “Mama iko na samaki mu mikono. Atanipigia akishanawa.”

Ndivyo alivyosema, na alikuwa anacheka bado alipokanyaga gogo. Nimeyaandika kama nilivyoyapokea, sikuongeza.

Nakupenda sana,
Fatouma


Kilwa, 16 Juni 2024

Fatouma mwanangu,

Idi ya kuchinja imetukuta na machozi na nyama pamoja. Tumesali, tumekula, tumemtaja Zakari kwa jina la marehemu kwa mara ya kwanza. Ulimi wangu uligoma, Ramla akanisaidia kulimaliza neno.

Barua yako niliisomea ufukweni, pale pale. Nililia hata wenzangu wakaacha visu. Kisha nikacheka, kwa sababu nilimsikia. Ni yeye kabisa. Tangu akiwa mdogo alikuwa ananicheka kwa magamba.

Chileshe anasema barua zetu zimemzoesha vibaya, kila safari anataka chai. Mwambie chai imekwisha. Simu nimeifungua kutoka kwenye kitenge, nimeiweka mezani. Rezo, mtandao wa simu, inafika vizuri baada ya alasiri.

Nimenawa mikono, mwanangu. Nipigie.

Shangazi yako,
Adija